Danubi: Mto wa Nchi Kumi na Malango Mawili

Danubi ni mto wa pili kwa urefu barani Ulaya, baada ya Volga. Unaanzia kwenye vilima vya misitu kusini-magharibi mwa Ujerumani, unasafiri takriban kilomita 2,850 kuelekea mashariki, kisha unamwaga maji yake katika Bahari Nyeusi kwenye mpaka wa Romania na Ukraine. Njiani unapita ndani au mpakani mwa nchi kumi: Ujerumani, Austria, Slovakia, Hungaria, Kroatia, Serbia, Romania, Bulgaria, Moldova na Ukraine. Hakuna mto mwingine duniani unaogusa nchi nyingi kiasi hicho kwa mkondo wake mkuu. Miji mikuu minne imejengwa kwenye kingo zake, nayo ni Vienna, Bratislava, Budapest na Belgrade.

Eneo ambalo mvua na theluji yake huishia Danubi lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 800,000, nalo linagusa nchi 19. Kila taifa linauita mto huu kwa matamshi yake. Kwa Wajerumani na Waaustria ni Donau, kwa Waslovakia Dunaj, kwa Wahungaria Duna, kwa Waserbia, Wakroati na Wabulgaria Dunav, kwa Waromania Dunărea, na kwa Waukraine Dunai. Majina yote hayo ni watoto wa jina moja la kale ambalo Warumi waliliandika Danuvius. Wagiriki, ambao waliufahamu kutokea upande wa baharini, waliuita Istros, na kwa muda mrefu watu wa kale hawakutambua kwamba Istros wa Wagiriki na Danuvius wa bara ni mto mmoja.

Ramani ya Danubi inasomeka vizuri zaidi mtu akitambua kwamba mto huu unapita katika mabonde mapana yaliyotenganishwa na milima, na kwamba ili kutoka bonde moja hadi jingine hauna budi kupenya mahali pembamba. Mahali hapo pameitwa malango. La kwanza ni Lango la Devín, kati ya Vienna na Bratislava. La pili ni Lango la Chuma, kati ya Serbia na Romania. Malango hayo mawili ndiyo yanayougawa mto katika sehemu tatu: Danubi ya Juu, Danubi ya Kati na Danubi ya Chini.

Chanzo chenye ubishi

Katika Msitu Mweusi, ambao Wajerumani huuita Schwarzwald, vinateremka vijito viwili, Breg na Brigach. Breg, ambao ndio mrefu zaidi, unachomoza karibu na mji wa Furtwangen kwenye kimo cha mita 1,078 juu ya usawa wa bahari. Vijito hivyo vinakutana nje kidogo ya mji wa Donaueschingen, na ni kuanzia hapo jina Danubi linapotumika. Hata hivyo, ndani ya bustani ya kasri mjini humo kuna chemchemi iliyozungushiwa ukuta wa duara na kupambwa kwa sanamu, nayo imekuwa ikiitwa chanzo cha Danubi kwa karne nyingi. Watu wa Furtwangen nao wanashikilia kwamba chanzo halisi ni chao, kwa sababu kanuni ya kawaida ni kufuata kijito kirefu kuliko vyote. Ubishi huo haujaisha, na kila mji una kibao chake cha kuwaonyesha wageni.

Mwendo mfupi baada ya kuzaliwa, mto unakaribia kufa. Kati ya Immendingen na Möhringen sakafu yake ni ya mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa, na maji huzama humo. Kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, hasa wakati wa kiangazi, sehemu hiyo hubaki mchanga na kokoto kavu ambazo mtu anaweza kuzikanyaga kwa viatu. Mwaka 1877 wachunguzi walimwaga chumvi, rangi na mafuta mahali maji yanapozama. Baada ya siku mbili na nusu hivi, dalili zake zilionekana kwenye chemchemi ya Aach, kilomita 12 kutoka pale. Maji ya Aach huingia Ziwa Konstanz, na kutoka huko hufuata mto Rhine hadi Bahari ya Kaskazini. Kwa hiyo sehemu ya maji yanayoanza safari kuelekea Bahari Nyeusi huishia upande wa pili wa bara. Wanajiolojia wanaeleza kwamba Rhine, ambao bonde lake liko chini zaidi, umekuwa ukiinyang'anya Danubi mito yake kwa mamilioni ya miaka, na kwamba unyang'anyi huo bado unaendelea chini ya ardhi.

Danubi ya Juu

Kinachoiokoa Danubi ni mito ya Alpi. Kutoka upande wa kulia, yaani kusini, huteremka Iller, Lech, Isar na mingineyo, yote ikileta maji ya theluji iliyoyeyuka. Ndiyo maana katika sehemu hii ya juu mto hujaa mwanzoni mwa majira ya joto, pale theluji ya milimani inapoyeyuka. Kwenye mji wa Ulm, ambako Iller umeshaingia, mto ulikuwa na kina cha kutosha kwa mashua bapa za mbao. Katika karne ya 18 maelfu ya wakulima wa Kijerumani walipanda mashua hizo na kwenda kuishi katika nyanda za Hungaria. Wengi wao hawakurudi, na mashua zenyewe mara nyingi zilivunjwa na kuuzwa kama mbao mwisho wa safari, kwa kuwa kuzivuta kupanda mto kuligharimu kuliko kuunda nyingine.

Karibu na Kelheim, Danubi inapita katika bonde jembamba lenye kuta za mawe meupe, kisha inakutana na mfereji wa Main na Danubi. Mfereji huu wa kilomita 171 ulikamilika mwaka 1992, lakini wazo lake ni la kale sana. Mfalme Karolo Mkuu alijaribu kuchimba njia ya namna hiyo mwaka 793. Leo meli inaweza kutoka Rotterdam kwenye Bahari ya Kaskazini, ipande Rhine na Main, ivuke mgongo wa nchi kwenye kimo cha mita 406 na kuteremka hadi Bahari Nyeusi. Meli hupanda kilima hicho kwa msaada wa vyumba vya maji. Chombo huingia katika chumba, mlango hufungwa nyuma yake, maji huongezwa au kupunguzwa hadi yalingane na ya upande wa pili, kisha mlango wa mbele hufunguliwa.

Regensburg, mji wenye daraja la mawe lililojengwa katika karne ya 12, uko kwenye sehemu ya mto iliyo kaskazini kuliko zote. Kutoka hapo mkondo unageukia kusini-mashariki hadi Passau, mji wa mpakani ambako mito mitatu hukutana. Ilz huja na maji meusi yaliyopita kwenye ardhi ya mboji, Inn huja na maji ya kijani kilichopauka kutoka Alpi, na Danubi huja na rangi yake. Rangi hizo huenda bega kwa bega kwa umbali fulani kabla ya kuchanganyika. Kwa wastani Inn huleta maji mengi kuliko Danubi yenyewe, ila jina la mto halikufuata wingi wa maji. Mahali pa mito mitatu pana hatari yake pia. Mwezi Juni 2013 maji yalifika mita 12.89 mjini Passau, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1501.

Ndani ya Austria mto unasafiri takriban kilomita 350, na sehemu kubwa ya mwendo huo imegeuzwa kuwa ngazi za mabwawa ya umeme, kama lile la Ybbs-Persenbeug lililokamilika mwaka 1959. Mahali pawili mto umeachwa utiririke bila kizuizi. Pa kwanza ni Wachau, bonde la mashamba ya zabibu na miti ya aprikoti kati ya Melk na Krems, ambalo liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Pa pili ni misitu ya kingoni mashariki mwa Vienna. Serikali ya Austria ilikusudia kujenga bwawa huko karibu na Hainburg, lakini Desemba 1984 maelfu ya watu walipiga kambi msituni katika baridi kali kuzuia miti isikatwe. Mpango huo uliachwa, na mwaka 1996 misitu hiyo ikawa hifadhi ya taifa.

Vienna yenyewe ilikaa mbali kidogo na mkondo mkuu kwa kuogopa mafuriko. Kati ya mwaka 1870 na 1875 mto ulinyooshwa na kupewa njia mpya. Miaka mia moja baadaye, kuanzia 1972 hadi 1988, wahandisi walichimba mkondo wa pili sambamba na wa kwanza ili kupokea maji ya ziada, na udongo uliochimbwa ukaunda kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 21. Sasa kisiwa hicho ni mahali pa wakazi wa jiji kuogelea na kuendesha baiskeli. Jiji hilo ndilo pia lililoupa mto sifa ya kuwa wa buluu, kupitia wimbo wa dansi wa Johann Strauss Mdogo uliotolewa mwaka 1867. Kwa siku nyingi za mwaka maji yenyewe huwa ya kijani au ya kahawia.

Lango la Devín na Danubi ya Kati

Mashariki ya Vienna, vilima vya Hainburg upande wa kusini na Karpati Ndogo upande wa kaskazini vinasogeleana na kuacha uwazi mwembamba. Hili ndilo Lango la Devín. Juu ya mwamba, mahali mto Morava unapoingia Danubi, kuna magofu ya ngome iliyokuwa ikilinda njia hiyo. Wakati wa Vita Baridi waya wa miba ulipita chini ya mwamba huo, ukitenganisha Austria na Chekoslovakia, na watu waliojaribu kuogelea kuvuka walipoteza maisha. Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, uko hatua chache mbele, nao unapakana na Austria na Hungaria kwa pamoja.

Mara baada ya lango, mwinuko hupungua ghafla. Mto unaotoka mlimani kwa kasi hubeba kokoto, na ukifika kwenye tambarare hukosa nguvu ya kuzibeba na kuziacha. Kwa njia hiyo Danubi imelundika tabaka nene la changarawe chini ya Bratislava na kujigawa katika matawi mengi yenye visiwa. Hapo pia ndipo ulipozuka mgogoro mkubwa wa nchi mbili jirani. Mwaka 1977 Hungaria na Chekoslovakia zilikubaliana kujenga mabwawa mawili. Hungaria ikasimamisha kazi mwaka 1989 kwa hofu ya kuharibu mazingira na maji ya kunywa. Upande wa pili uliendelea peke yake, na Oktoba 1992 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mfereji wa Gabčíkovo. Shauri lilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ambayo mwaka 1997 iliona kwamba nchi zote mbili zilikuwa zimekosea, ikaziagiza zizungumze.

Kwa umbali mrefu mto sasa ni mpaka wa Slovakia na Hungaria. Daraja la Esztergom, lililolipuliwa mwaka 1944, lilibaki nguzo tupu kwa zaidi ya nusu karne hadi lilipofunguliwa tena mwaka 2001. Karibu na Visegrád vilima vinaulazimisha mto kukunja kona kali. Hadi hapo ulikuwa ukielekea mashariki, na kuanzia hapo unaelekea kusini moja kwa moja kwa mamia ya kilomita.

Mji mkubwa wa kwanza baada ya kona hiyo ni Budapest. Buda iko ukingo wa kulia, juu ya vilima. Pest iko ukingo wa kushoto, kwenye tambarare. Mafuriko ya mwaka 1838, yaliyoletwa na mabamba ya barafu kuziba mto, yalibomoa sehemu kubwa ya Pest. Daraja la kwanza la kudumu kati ya miji hiyo, linaloning'inia kwa minyororo, lilifunguliwa mwaka 1849 baada ya juhudi za miaka mingi za István Széchenyi, na mwaka 1873 Buda, Pest na Óbuda ziliunganishwa kuwa jiji moja. Jeshi la Ujerumani lililipua madaraja yote ya Budapest lilipokuwa likirudi nyuma katika Vita vya Pili vya Dunia, na Daraja la Minyororo likajengwa upya kufikia mwaka 1949.

Kusini ya Budapest ni Nyanda Kubwa za Hungaria. Hapa palikuwa na ziwa pana, lenye asili yake katika bahari ya kale, ambalo lilijazwa polepole na mashapo ya mito. Ardhi ni bapa kiasi kwamba mto hushuka sentimita chache tu kwa kila kilomita, na mto wa namna hiyo hauendi kwa mstari. Hupinda kulia na kushoto, hula ukingo mmoja na kujenga mwingine, na baada ya muda hukata njia ya mkato na kuacha mpindo wa zamani kama ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo. Wahandisi wa karne ya 19 walikata mipindo mingi ili kupunguza mafuriko na kurahisisha safari za meli. Kazi hiyo iliacha deni la kisiasa. Kroatia na Serbia hazikubaliani mpaka wao uko wapi, kwa kuwa upande mmoja unafuata mipindo ya zamani iliyomo katika vitabu vya ardhi na upande wa pili unafuata mkondo wa sasa.

Katika tambarare hii Danubi hupokea mito yake mitatu mikubwa kwa mfululizo. Drava huingia kutoka magharibi karibu na Osijek. Tisza, wenye urefu wa karibu kilomita 1,000, huingia kutoka kaskazini baada ya Novi Sad. Sava huingia mjini Belgrade chini ya ngome ya Kalemegdan, nao ndio unaoleta maji mengi kuliko mwingine wowote. Tisza ulileta pia msiba. Mwishoni mwa Januari 2000 ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa dhahabu ulibomoka karibu na Baia Mare nchini Romania, na maji yenye sumu ya sianidi yakateremka hadi Tisza na kuingia Danubi, yakiua samaki kwa tani nyingi.

Lango la Chuma

Chini ya Belgrade, milima ya Karpati inajipinda na kukutana na milima ya Balkani, na Danubi haina pa kupita isipokuwa katikati yake. Korongo hilo lina urefu wa takriban kilomita 100. Linaanzia kwenye ngome ya Golubac, na mahali paitwapo Kazan mto ambao ulikuwa na upana wa zaidi ya kilomita moja hubanwa hadi mita 150 hivi, huku kuta za mawe zikisimama pande zote mbili.

Watu wameishi humo tangu zamani za kale. Wavuvi wa Lepenski Vir walijenga nyumba zao ukingoni na kuchonga mawe ya mviringo yenye nyuso zinazofanana na samaki, maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Warumi walichonga barabara kwenye ubavu wa mwamba, na kati ya mwaka 103 na 105 Apollodorus wa Damascus alimjengea Kaisari Traiano daraja kubwa chini ya korongo, ili majeshi yavuke kwenda Dakia, nchi ambayo leo ni Romania. Mabaki ya nguzo zake bado yanaonekana kwenye kingo zote mbili.

Kwa mabaharia lango hili lilikuwa balaa. Miamba ilijificha chini ya maji yaendayo kasi, na vyombo vingi vilipasuka. Mwaka 1896 ulifunguliwa mfereji wa Sip kando ya miamba hiyo, lakini maji yake yalikwenda kwa kasi mno hata baadaye ikawekwa reli ukingoni ili garimoshi livute meli zinazopanda. Suluhisho la mwisho lilikuwa bwawa. Yugoslavia na Romania zilianza ujenzi mwaka 1964 na kulizindua mwaka 1972, kila nchi ikiwa na mitambo yake ya umeme upande wake. Miamba ilizama, na maji yakatulia nyuma ya bwawa hadi maeneo ya Belgrade. Gharama yake ilikuwa kuhamishwa kwa maelfu ya watu na kupotea kwa Ada Kaleh, kisiwa kidogo kilichokuwa na Waturuki, msikiti na mashamba ya tini, ambacho sasa kiko chini ya maji. Nyumba za Lepenski Vir zilihamishiwa juu, jiwe kwa jiwe. Bwawa la pili lilifuata mwaka 1984.

Danubi ya Chini

Mto unaotoka kwenye lango ni mpana, mzito na wa polepole. Kwa takriban kilomita 470 ni mpaka wa Romania na Bulgaria, na kingo zake hazifanani. Upande wa Bulgaria ni mwinuko wenye miji inayotazama mto kutoka juu, na upande wa Romania ni bonde la chini lililokuwa na vinamasi na mabwawa ya samaki, mengi yakiwa yamekaushwa na kulimwa katika karne ya 20. Upana wa mto na historia ya nchi hizo vilifanya madaraja yawe adimu. Daraja la Ruse na Giurgiu lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa karibu miaka 60 lilikuwa la pekee kati ya nchi hizo, hadi lilipokuja la Vidin na Calafat mwaka 2013.

Maji yakipungua sana, mto hufichua siri zake. Karibu na Prahovo nchini Serbia kuna meli za kivita ambazo Wajerumani walizizamisha kwa makusudi mwaka 1944 walipokuwa wakikimbia jeshi la Kisovieti. Katika ukame wa mwaka 2022 viunzi vyake vyenye kutu vilijitokeza juu ya maji, baadhi vikiwa bado na mabomu ndani, na njia ya matishari ikawa nyembamba.

Baada ya Silistra mto unaingia Romania na kukutana na kizuizi cha mwisho, uwanda ulioinuka wa Dobruja. Pale Cernavodă Bahari Nyeusi iko umbali wa kilomita 60 tu, lakini uwanda huo unaulazimisha mto kugeuka kaskazini na kuzunguka kwa zaidi ya kilomita 200. Binadamu walichoka kuzunguka. Kazi ya kuchimba mfereji wa mkato ilianza mwaka 1949 kwa kutumia wafungwa, wengi wao wa kisiasa, ambao idadi kubwa walifia kazini. Ilisimamishwa mwaka 1953, ikaanza tena katika miaka ya 1970, na mfereji wa kilomita 64 ukafunguliwa mwaka 1984. Meli zake hutokea karibu na bandari ya Constanța.

Mto wenyewe unaendelea kaskazini hadi Brăila na Galați, kisha unageukia mashariki. Hapo Siret na Prut ndiyo mito mikubwa ya mwisho kuingia. Moldova nayo inapata ukingo wa mita mia kadhaa tu, ambao umetosha kujenga bandari ya Giurgiulești, njia ya pekee ya nchi hiyo kufikia bahari kwa meli. Baada yake, ukiteremka mto, ni bandari za Ukraine za Reni na Izmail. Zilikuwa bandari za kawaida hadi vita vya mwaka 2022 vilipozuia njia za Bahari Nyeusi. Baada ya hapo ngano na mahindi mengi ya Ukraine yalipitia huko, na mashambulizi ya ndege zisizo na rubani yakazifuata.

Maji yote ya Danubi sasa yamekusanyika. Kwa wastani ni mita za ujazo zipatazo 6,500 kila sekunde. Huwa mengi zaidi kati ya Aprili na Juni, mvua za masika na theluji ya milima zinapokutana, na hupungua kabisa majira ya kupukutika majani.

Delta na kilomita sifuri

Juu kidogo ya mji wa Tulcea mto unagawanyika. Tawi la Chilia, la kaskazini, hubeba maji mengi zaidi na ndilo mpaka wa Romania na Ukraine. La Sulina hupita katikati, na la Sfântu Gheorghe hupita kusini. Kati ya matawi hayo na kuyazunguka kuna delta yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,000 za maziwa, vijito na mojawapo ya maeneo mapana kuliko yote ya matete duniani, sehemu kubwa ikiwa Romania. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991.

Zaidi ya aina 300 za ndege zimeonekana humo. Kundi kubwa kuliko yote ya Ulaya ya ndege aina ya mwari mweupe huzaliana kwenye visiwa vya matete, kisha huenda Afrika baridi ikikaribia. Wengine ni korongo weupe, ndege wa miguu mirefu wanaojenga viota juu ya mapaa na nguzo za umeme katika vijiji vya Danubi. Kila mwaka ufikapo mwisho wa majira ya joto, makundi yao huvuka Bosporus, hufuata Mashariki ya Kati na bonde la Nile, na wengi huonekana kwenye mbuga na mashamba ya Afrika Mashariki kati ya Novemba na Machi.

Katika vijiji vya delta wanaishi pia Walipovani, wazao wa Wakristo wa Urusi waliokataa mageuzi ya ibada ya karne ya 17 na kukimbilia vinamasini. Maisha yao yalitegemea uvuvi, na samaki wao wa thamani alikuwa sturjeni, ambaye mayai yake ni kaviari. Sturjeni huishi baharini na kupanda mtoni kutaga. Zamani wale wakubwa waliotimiza mita kadhaa walifika hadi Austria. Sasa mabwawa ya Lango la Chuma yamewafungia njia, na uvuvi wa kupindukia ukawapunguza hata Romania ikapiga marufuku kuwavua mwaka 2006. Nchi nyingi za bonde hilo zilitia saini mkataba wa kuulinda mto mjini Sofia mwaka 1994, na moja ya kazi ngumu za tume yake, yenye makao Vienna, ni kutafuta namna samaki hao watakavyopita mabwawa.

Mikataba si jambo geni hapa. Baada ya Vita vya Crimea, Mkataba wa Paris wa mwaka 1856 uliunda Tume ya Ulaya ya Danubi, iliyoweka makao Galați. Kazi yake ilikuwa kuufungua mlango wa mto uliokuwa umezibwa na mchanga na mabaki ya meli. Chini ya mhandisi Charles Hartley tume ilijenga kuta mbili za mawe zilizoingia baharini ili mkondo ujisafishe wenyewe, na baadaye ikanyoosha tawi la Sulina na kulifupisha kwa takriban kilomita 20. Vipimo vya umbali vya Danubi huanzia Sulina. Tofauti na mito mingi, kilomita zake huhesabiwa kutoka baharini kupanda hadi chanzoni, na mji huo ndio sifuri.

Lakini sifuri hiyo haiko tena baharini. Tope ambalo mto umelileta limeisogeza nchi kavu mbele, na mnara wa taa wa tume, uliojengwa kuziongoza meli zinazoingia, sasa umesimama ndani ya mji, mbali na mawimbi. Ukuaji huo nao unapungua, kwa sababu mashapo mengi yamenaswa nyuma ya mabwawa, na kwenye sehemu nyingine za ufuo wa delta bahari imeanza kula nchi. Chilia bado inasukuma ulimi wake wa tope ndani ya Bahari Nyeusi. Huko Sulina, meli hupita kati ya kuta za Hartley, ambazo zimerefushwa mara kadhaa kufuata bahari inayorudi nyuma.